Homoni Iliyobebeshwa Sumu

Wazee wengi wa Bunia wakisumbuliwa na mkojo usiku husema: Ni uzee tu. Mara nyingi ni kweli, kwani tezi dume hukua kwa umri pasipo ubaya. Lakini pengine ni kansa, nayo ndiyo kansa iwapatayo wanaume wengi kuliko zote katika Afrika kusini ya Sahara. Basi yafaa tujue jinsi waganga walivyojifunza kupigana nayo.

Mwaka 1941, Charles Huggins, daktari wa Chicago, alionyesha kwamba kansa hiyo hulishwa na homoni za kiume. Zikikomeshwa, kwa upasuaji au kwa homoni ya kike, uvimbe hunywea. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1966.

Silaha ya pili ilitoka vitani. Mwaka 1917, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, askari walitupiwa gesi ya haradali, sumu kali mno. Mwaka 1942 madaktari wa Marekani walimpa mgonjwa wa kansa dawa ya ukoo wa sumu ile, na uvimbe ukapungua. Ila sumu haichagui: iliua chembe mbaya na njema pamoja.

Ndipo katika miaka ya 1960 wataalamu wa Sweden walipounganisha homoni ya kike na sumu hiyo, wakapata estramustini. Walitumaini kwamba homoni itakuwa mpagazi, iingie katika chembe ziipokeazo, na sumu imo mzigoni. Waliikusudia kansa ya matiti. Ikafaa zaidi kwa ile ya tezi dume. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba haifanyi kazi hasa kwa njia waliyoitazamia: huzuia chembe zisigawanyike, tena hupunguza homoni za kiume. Nayo huweza kugandisha damu mishipani. Leo hutumika mara chache, maana dawa nyingine zimepatikana.

Mungu ametujalia akili ya kugeuza silaha kuwa tiba. Lakini kansa ikisha kuenea mifupani, dawa za homoni huizuia kwa muda tu. Ikigunduliwa ingali ndani ya tezi, mara nyingi huponyeka. Kwa hiyo baba aonaye mkojo unakatika-katika, au una damu, asione haya mbele ya mganga, wala asimfiche mama wa nyumba yake. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atuagiza kusali, na pia kumheshimu mganga. Tufanye yote mawili, wala tusingoje mifupa iume.