Mwambie fundi asipige Windows upya kwanza

Ukipeleka kompyuta ya nyumbani kwa fundi kwa sababu umesahau neno la siri, mara nyingi jibu ni moja: "Hii tunapiga Windows upya." Kazi yenyewe ni fupi, bei inaeleweka, na mashine inarudi safi. Safi kupita kiasi, kwani picha za harusi, hesabu za chama na kazi ya chuo ya mtoto zaweza kwenda na maji.

Asichoambiwa mteja ni kwamba neno la siri hulinda mlango tu. Faili bado zimo kwenye diski. Kwa hivyo anza kwa kuangalia unaingia kwa akaunti gani. Kama huingia kwa anwani ya barua pepe, hiyo ni akaunti ya Microsoft, na neno la siri hubadilishwa hata kwa simu kupitia tovuti yao, kwa nambari ya uthibitisho inayotumwa kwenye laini au barua pepe uliyosajili. Kisha unganisha kompyuta na intaneti, la sivyo haitalitambua neno jipya. Waliopoteza laini na barua pepe pia wana kibarua kigumu: ukibadilisha maelezo yote ya usalama kwa mpigo, Microsoft hukusubirisha siku 30. Heri kungoja kuliko kufuta.

Kama ni akaunti ya kompyuta hiyo pekee, kosea neno la siri makusudi. Windows 10 au 11 itakupa nafasi ya kujibu maswali ya usalama, ikiwa uliyaweka. Hukuyaweka? Fundi anaweza kuiwasha mashine kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo wa bure unaofanya kazi bila kusakinishwa, na kunakili faili zako kwenye diski ya nje.

Hapo kuna kizuizi kimoja kikubwa. Kompyuta nyingi mpya, hasa zenye Windows 11, hufunga diski nzima kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Pasipo ufunguo wa tarakimu 48, hakuna fundi wa Mombasa wala wa Marekani atakayezisoma faili hizo, na Microsoft yenyewe haiwezi kukutengenezea ufunguo mwingine. Kwa kawaida huhifadhiwa ndani ya akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha mashine. Uandike kwenye karatasi leo, kompyuta ikiwa bado inafunguka, na mwenzio nyumbani ajue karatasi iko wapi. Mjane aliyeachiwa mashine ya marehemu ndiye huumia zaidi.

Sasa diski. Stima ikipotea ghafla huku kompyuta ya mezani ikiandika, mpangilio wa faili waweza kuvurugika na mashine ikakwama inapowashwa. Dawa inayojulikana ni amri ya chkdsk: "chkdsk C: /f" husahihisha mpangilio, na "/r" hutafuta pia sehemu mbovu za diski, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Hapa ndipo haraka huponza. Diski iliyo taabani ikilazimishwa kusomwa mwanzo hadi mwisho inaweza kufa papo hapo. Nakili kwanza, tengeneza baadaye. Na ukisikia inagongagonga ndani, usijaribu amri yoyote: zima, chomoa waya, na usiiwashe tena mpaka ifike kwa mtu anayeokoa data.