Ngozi ya Kumalizia Makali

Kisu kilichotoka kwenye kinoo sasa hivi bado hakijakamilika. Kinaweza kukata karatasi, lakini ukipitisha kidole taratibu kutoka bapani kwenda nje utahisi kitu kinakwaruza upande mmoja. Jiwe linapokula pande mbili za kisu hadi zikutane, ukingo wa chuma huwa mwembamba mno, na badala ya kukatika hujikunja. Ukianza kazi na ukingo huo utameguka mapema, kisha utalaumu chuma.

Kazi ya ngozi ni kuuondoa. Kisu huvutwa juu yake kinyumenyume, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, upande huu kisha upande ule. Ukingo hupinda huku na huko mpaka unachoka na kukatika, kama waya unaopindwapindwa mkononi. Uzito wa kisu wenyewe karibu unatosha, anayekandamiza anaharibu.

Anaharibu kwa sababu ngozi hubonyea. Makali yakishapita, huinuka nyuma yake na kuviringisha ncha ile ile uliyoihangaikia kwenye jiwe. Ndiyo maana nashangaa wauzaji wanaposifu ngozi kwa ulaini. Tafuta iliyo ngumu, ya unene wa milimita 2 hadi 4, iliyotoka mgongoni au kwenye matako ya mnyama, ambako nyuzi za kolajeni zimesongamana. Ya tumboni hulegea. Ibandike kwa gundi juu ya ubao ulionyooka. Mkanda unaoning'inia uliwafaa vinyozi kwa kuwa wembe wao wa kukunja hulazwa pamoja na mgongo wake, na mgongo huo ndio unaoshika pembe. Kisu cha jikoni pembe yake, digrii 15 hadi 20 hivi, hushikwa kwa mkono tu, na mkanda ukibonyea pembe inapotea.

Usindikaji una uzito kuliko jina la duka. Ngozi nyingi za mikoba na za sehemu ya juu ya viatu husindikwa kwa chumvi za kromiamu, nazo huwa laini na za kunyumbuka. Inayofaa zaidi ni iliyosindikwa kwa tanini za mimea, kwa mfano za magome ya miwati inayolimwa Njombe. Ukiwa na shaka, chovya kipande kidogo kwenye maji yanayochemka: ya tanini hujikunyata mara moja, ya kromiamu kwa kawaida huvumilia, kwani kromiamu hufunga kolajeni kwa viungo vinavyostahimili joto. Mahali pa kuanzia ni kwa fundi viatu anayeshona soli za ngozi. Vipande anavyotupa vinatosha ubao mzima. Mikanda ya suruali ichunguze kwanza, kwani mingi ni unga wa ngozi na gundi uliofunikwa plastiki.

Ngozi tupu hung'arisha polepole sana. Ukipaka dawa ya kijani, yaani oksidi ya kromiamu, unakuwa umeiongezea meno: chembe zake, zenye ukubwa wa karibu nusu ya mikromita, ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Unywele wa binadamu una mikromita 50 hadi 100. Paka kidogo, kama unavyochora kwa chaki. Ila kwenye vyuma vyenye kabidi nyingi za vanadiamu, chembe za kijani hushindwa, maana kabidi hizo ni ngumu kuzizidi. Hapo inahitajika almasi ya unga.

Kuna uharibifu ambao ngozi haiugusi. Mwaka 2020 watafiti wa MIT walionyesha katika jarida la Science kwamba hata unywele, ukiukuta wembe kwa pembe fulani, huweza kumegua chuma chake. Makali yakishamegeka namna hiyo, kisu kirudi kwenye jiwe.