Kifaa kinaonyesha ‘Unknown’ kwenye mfumo wa kufuatilia mtandao? Anza kukagua hapa

Fikiria ni saa nane usiku. Simu ya fundi wa mtandao aliye zamu inalia. Ujumbe ni mfupi tu: swichi ya tawi la Dodoma, hali “Unknown”, yaani haijulikani.

Si nyekundu kwamba imezimika, si kijani kwamba ni nzima. Ni kijivu. Sasa afanye nini, amwamshe mlinzi akaizime na kuiwasha, au aendelee kulala?

Yote mawili ni makosa. Sababu ni hii.

Maana yake hasa ni nini?

“Unknown” haisemi chochote kuhusu kifaa. Inasema mfumo umeshindwa kupata jibu la kuaminika. Ni kama daktari ambaye kipimo chake kimeharibika: hajasema mgonjwa ni mzima, wala hajasema anaumwa.

Kila programu ina namna yake. Kwenye Nagios, kila ukaguzi wa huduma hurudisha namba: 0 ni sawa, 1 ni tahadhari, 2 ni hatari, na 3 ndiyo “Unknown”. PRTG huonyesha kijivu pale ambapo haijapokea data yoyote, au mawasiliano yamekwama, mara nyingi upande wa kompyuta inayokusanya data. Zabbix nayo huacha alama ya kijivu kama bado haijapata uhakika.

Kwa hiyo ukikagua, anza na mwenye kuuliza kabla ya anayeulizwa.

1. Ni kimoja au ni vingi?

Kama vifaa ishirini vimegeuka kijivu kwa mpigo, tatizo si vifaa. Angalia seva ya ufuatiliaji: huduma yake inafanya kazi? Diski imejaa? Mtandao wake uko hewani?

Kama ni kimoja tu, endelea hapa chini.

2. Piga ‘ping’ ukiwa kwenye seva

Wengi hukosea hapa. Wanapima kwa simu au laptop yao, wanaona kifaa kinajibu, wanachanganyikiwa. Kumbe laptop inapita njia nyingine kabisa. Pima kutoka kwenye seva ileile inayofuatilia.

Hakikisha pia anwani ya IP haijabadilika. Ruta ikigawa anwani upya, mfumo unabaki unabisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe kashahama.

3. Ping inajibu, lakini bado kijivu

Hapo mshuku SNMP, lugha ambayo ruta, swichi na printa nyingi hutumia kutoa taarifa zake. Ping hutumia ICMP, wakati SNMP hupita UDP kwenye poti 161. Ukuta wa usalama wa mtandao unaweza kuruhusu ya kwanza na kuzuia ya pili.

Kagua mambo matatu: SNMP imewashwa kwenye kifaa? Toleo ni lilelile pande zote mbili? Neno la siri limeandikwa sawasawa?

Hili la mwisho linasumbua sana. Kwenye toleo la 2c, ukikosea neno hilo, kwa kawaida kifaa hakikwambii “umekosea”. Kinanyamaza tu. Na ukimya huo unafanana kabisa na ukimya wa kifaa kilichozimika.

4. Kama ni seva yenye wakala wa Zabbix

Wakala ni programu ndogo inayokaa kwenye kompyuta inayofuatiliwa. Kwa kawaida husikiliza TCP poti 10050. Angalia kama inafanya kazi, na kama faili lake la mipangilio limetaja anwani sahihi ya seva ya Zabbix.

Kuna jambo lingine: kabla ya toleo la 6.2, wakala anayetuma data mwenyewe bila kuulizwa angeweza kuacha alama ikiwa kijivu hata kama data inaingia vizuri. Hapo hakuna kilichoharibika.

5. Kama ni Nagios

Endesha amri ya ukaguzi kwa mkono, ukitumia akaunti ileile ambayo Nagios inatumia. Mara nyingi utakuta ni ruhusa ya faili imekosekana, au amri imeandikwa vibaya.

Ukishasahihisha, agiza ukaguzi mpya. Usikodolee skrini ukisubiri rangi ibadilike yenyewe.

Usifanye haya

Usikimbilie kuzima na kuwasha kifaa. Huenda muda huo kinahudumia watu vizuri kabisa, na wewe ndiye utakayewakatia mtandao.

Usifungue ukuta wa usalama kwa kila mtu ili tu kijivu kiondoke. Ruhusu anwani ya seva ya ufuatiliaji peke yake. Pia epuka neno la siri “public”, ambalo kila mvamizi hulijaribu kwanza. SNMP toleo la 1 na 2c husafirisha neno hilo bila kulificha. Kifaa kikikubali, tumia toleo la 3.

Na lililo baya kuliko yote: usizime arifa za “Unknown” kwa sababu zinakera. Kifaa kikibaki kijivu wiki nzima, siku kitakapozimika kweli hakuna arifa itakayokuja. Taarifa ya kwanza italetwa na wateja, nao watakuwa wamekasirika.