Samaki wa uani, sehemu ya nne: Uchafu wa maji haukimbiwi

Samaki waliokufa katika Mto Mara, karibu na daraja la Kirumi, Machi ya mwaka 2022, walizua mjadala Tanzania nzima. Kamati iliyoundwa na Serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza kuwa chanzo, kwa kuwa vilipunguza mno oksijeni majini. Wengi hawakuridhika, na mabishano yakaendelea. Mimi siyaingii. Ila kwa mfugaji wa hapa kwetu Kisanga mwenye bwawa dogo nyuma ya nyumba, kwamba taka ya mnyama yaweza kuua samaki si jambo la kubishaniwa. Samaki wake mwenyewe ni mnyama, na taka yake haina pa kwenda.

Msomaji aliyekuwa nasi tangu sehemu ya kwanza ameshachimba, ameshatandika turubai, na vifaranga vya perege vimo majini. Sasa ajue kwamba perege hutoa amonia mchana na usiku, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua. Chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Joto linapopanda, na mwani unapoyabadili maji wakati wa jua la alasiri, amonia hiyo huzidi ukali. Desturi ya wengi ni kumwaga nusu ya maji na kujaza mengine. Desturi hiyo naipinga, na sababu zangu ni za zamani kuliko ufugaji wa samaki nchini kwetu.

Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walijaza mchanga na chokaa ndani ya bomba refu, kisha wakapitisha maji ya mfereji wa maji machafu, polepole. Siku zikapita bila badiliko. Baada ya kama wiki tatu amonia ikaanza kutoweka, na mahali pake ikatokea nitrati, ambayo ni mbolea. Wakaingiza mvuke wa klorofomu, dawa ya usingizi, na kazi ikasimama. Walipoiondoa klorofomu na kumimina maji yaliyosuuza udongo wa bustani, kazi ikaanza upya. Kwa hiyo si mchanga uliosafisha. Ndani ya mchanga walikuwamo viumbe hai: klorofomu iliwazima, na maji ya udongo yakaleta wengine.

Ni viumbe gani? Wataalamu walihangaika zaidi ya miaka kumi, kwa sababu kila walipowapandikiza katika vyakula vya maabara, viumbe hao hawakuota. Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv, ndiye aliyefumbua fumbo hilo akiwa Zürich mwaka 1890: bakteria hawa hawataki mchuzi wala nyama. Nguvu yao huipata kwenye amonia yenyewe. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu kwa samaki, na kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati.

Miaka miwili baadaye ulitokea ushahidi mwingine, na huu uliandikwa kwa makaburi. Kipindupindu kiliingia Hamburg mwaka 1892 kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji wa Altona ulipakana nao, ukanywa maji ya mto uleule wa Elbe, tena upande wa chini, baada ya Hamburg kumwaga uchafu wake. Hata hivyo Altona ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Ilikuwapo mitaa ya mpakani ambayo upande mmoja ulizika na wa pili haukuzika. Tofauti ilikuwa moja: Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, Hamburg haikuchuja. Robert Koch, yuleyule aliyekuja baadaye kuchunguza malaria huku kwetu na malale katika visiwa vya Sese, Uganda, alieleza kwamba mchujaji hasa ni ule utando wa utelezi unaojijenga juu ya mchanga. Mfugaji anayesugua utelezi huo kwa sabuni, akidhani anafanya usafi, anawafukuza wafanyakazi wake.

Sasa chujio lenyewe. Tafuta mapipa mawili ya lita 200 yasiyowahi kubeba sumu. La kwanza ni la kutuamisha: maji ya bwawani yaingie taratibu, tope lizame, na chini pawe na koki ya kulitoa. La pili lijaze vipande vya matofali ya kuchoma, ambavyo vina vitundu vingi vya kukaa bakteria, ukivifunga kwenye magunia ya neti kama yale ya vitunguu ili viwe rahisi kuvitoa. Maji yapande kutoka chini, yatokee juu, yaanguke bwawani kwa kishindo yabebe hewa. Bakteria hawa wanakula oksijeni sana: gramu moja ya nitrojeni ya amonia huhitaji zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Pampu ndogo ya sola inatosha kuanzia. Ikisimama saa nyingi, mwaga kwanza maji yaliyolala ndani ya pipa kabla ya kuiwasha tena.

Mbegu ya bakteria ni kokoto chache kutoka bwawa la zamani lenye samaki wazima. Wape wiki nne hadi sita, na kwa muda huo samaki wawe wachache na chakula kiwe kidogo. Matofali yasuuzwe kwa maji ya bwawa tu. Maji ya bomba yenye klorini yanawaua bakteria.

Baada ya hapo maji yaliyojaa nitrati yapelekwe kwenye mchicha na magimbi. Hapo ndipo mzunguko unapokamilika, na hapo ndipo ninaposimama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini hata aliye mbali na mto huufikia kwa mfereji. Anayemwaga maji machafu kila wiki amehamishia tatizo lake kwa jirani wa bonde la chini, ambaye hakula hata samaki mmoja. Hamburg ilifanya hivyo kwa Altona. Uungwana ni kumaliza uchafu pale ulipozaliwa, na Kisanga inaweza kuuanza uungwana huo kwa mapipa mawili.

Sehemu ya tano itahusu chakula: kiasi gani perege anahitaji, na kwa nini tunamzidishia.