Kwa nini herufi za intaneti huwa kubwa hapa na ndogo pale?

Ukurasa mmoja wa intaneti ukifunguliwa katika kompyuta mbili zilizowekwa juu ya meza moja, herufi zake zaweza kuonekana kubwa katika kompyuta ya kwanza na ndogo mno katika ya pili. Msomaji hudhani kuwa macho yake yamechoka, au kwamba ukurasa wenyewe umeharibika. Mara nyingi si hili wala lile.

Tofauti hiyo hutokana na aina ya skrini na mipangilio ya kukuza maandishi iliyomo ndani ya kila kompyuta, mipangilio ambayo watumiaji wengi hawajapata kuigusa tangu siku waliponunua mashine zao.

Suala hilo lina uzito wake katika eneo la Rusayl, wilaya ya Seeb, magharibi ya kitovu cha jiji la Muscat. Rusayl ilijulikana kwanza kwa viwanda vilivyojengwa huko katika miaka ya 1980. Mwaka 2003 kikazinduliwa kituo cha teknolojia cha Knowledge Oasis Muscat, ambako kampuni za programu za kompyuta ziliweka ofisi zao karibu na madarasa ya Middle East College. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos nacho kiko jirani, huko Al Khoud.

Katika maeneo ya namna hiyo, mtengenezaji wa ukurasa aghalabu ni kijana mwenye macho makali, aliyeketi mbele ya skrini pana. Msomaji wake huenda akawa mzee aliyeko nyumbani na kompyuta ndogo ya mpakato. Kwa kawaida, mtu akishavuka umri wa miaka 40, uwezo wa jicho kuona vitu vya karibu huanza kupungua.

Miongoni mwa wazee hao wapo Waomani wanaozungumza Kiswahili, ambao familia zao ziliishi Zanzibar na kuhamia Oman, hasa baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Kwao, intaneti ni njia ya kupata habari za jamaa na za visiwani, na pia ni mlango wa huduma za serikali. Herufi zisiposomeka, mlango huo hufungwa.

Nukta zisizolingana

Picha yoyote katika skrini hufanywa kwa nukta ndogo za mwanga. Kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984 ilikuwa na nukta 72 katika kila inchi, na baadaye programu ya Windows ikachukua 96 kuwa kipimo chake cha kawaida. Wakati huo ilikuwa rahisi kukisia ukubwa wa herufi, kwa kuwa skrini hazikutofautiana sana.

Leo hali ni nyingine. Skrini ya mezani ya inchi 24, yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, ina takriban nukta 92 kwa inchi. Kompyuta ya mpakato ya inchi 15.6, yenye idadi hiyo hiyo ya nukta, ina takriban 141 kwa inchi, kwa sababu nukta zile zile zimebanwa katika nafasi ndogo.

Vivinjari vingi, yaani programu za kusomea kurasa za intaneti, huandika maandishi ya kawaida kwa ukubwa wa pikseli 16. Kila pikseli ikichukua nukta moja, nafasi ya herufi huwa na urefu wa milimita 4.4 katika skrini ya mezani, lakini huwa milimita 2.9 tu katika mpakato.

Ngazi tatu za ukubwa

Ili kuondoa tofauti hiyo, pikseli inayotajwa katika ukurasa ilitenganishwa na nukta halisi ya skrini. Kwa mujibu wa kanuni za W3C, shirika linaloweka viwango vya intaneti, pikseli ni ukubwa wa nukta moja katika skrini yenye nukta 96 kwa inchi, ikitazamwa kutoka umbali wa mkono ulionyooshwa, yaani inchi 28 au sentimita 71 hivi. Kinachozingatiwa hasa ni jinsi jicho linavyoiona herufi, wala si idadi ya nukta.

Kwa hiyo ukubwa wa herufi huamuliwa katika ngazi tatu. Ya kwanza ni skrini yenyewe. Ya pili ni mpangilio wa kompyuta, ambao katika Windows huandikwa kwa asilimia: 100, 125, 150 na kuendelea. Ya tatu ni kivinjari, ambacho nacho huweza kukuza au kupunguza ukurasa.

Mpakato uliotajwa ukiwekwa kwenye asilimia 150, nafasi ya herufi hupanda hadi milimita 4.3, karibu sawa na ile ya skrini ya mezani. Hata hivyo, kila faida ina gharama yake. Skrini yenye nukta 1920 sasa inaupa ukurasa upana wa pikseli 1280 tu.

Aidha, ngazi hizi huzidishana. Msomaji aliyeweka asilimia 150 katika kompyuta, kisha akakuza kivinjari hadi asilimia 200, amekuza mara tatu, na upana unaobaki ni pikseli 640. Ukurasa nao hujiona kana kwamba umefunguliwa katika kifaa chembamba. Ukiwa umetengenezwa vizuri, hujipanga upya katika safu moja. Ukiwa umetengenezwa vibaya, maneno hupandana na kitufe cha kutuma fomu hutoweka pembeni.

Kiarabu na nukta zake

Nchini Oman kuna jambo la ziada. Katika maandishi ya Kiarabu, herufi za ba, ta na tha huwa na umbo moja katikati ya neno. Kinachozitofautisha ni nukta: moja chini, mbili juu, au tatu juu. Herufi zikiwa ndogo mno, nukta mbili huonekana kama moja, na msomaji hulazimika kukisia neno. Kosa kama hilo katika jina au anwani laweza kumletea mtu usumbufu mkubwa.

Wajibu wa watengenezaji

Mwezi Desemba mwaka 2008, W3C ilitoa mwongozo unaotaka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila ya ukurasa kupoteza chochote. Mwongozo wa mwaka 2018 ulikwenda mbali zaidi: kwa jumla, ukurasa usomeke hata upana ukipungua hadi pikseli 320, bila kumlazimu msomaji kuusogeza kushoto na kulia kila mstari.

Hata hivyo, baadhi ya watengenezaji wa kurasa za simu waliweka amri ya kuzuia msomaji asikuze kwa vidole, ili sura ya ukurasa isiharibike. Kuanzia mwaka 2016, kivinjari cha Safari katika simu za iPhone kilianza kuipuuza amri hiyo.

Msomaji naye ana hatua za kuchukua. Akibonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha, ukurasa hukua. Akitumia alama ya kutoa, hupungua, na sifuri huurudisha kwenye ukubwa wa kawaida. Ikiwa kila kitu katika kompyuta ni kidogo, si ukurasa mmoja tu, dawa iko katika mipangilio ya skrini, kwenye asilimia ya ukubwa.

Lisilofaa ni kupunguza idadi ya nukta za skrini, kama ilivyokuwa desturi enzi za skrini nene zilizofanana na televisheni za zamani. Katika skrini za kisasa, herufi hukua kwa njia hiyo lakini hupoteza ukali wake, na msomaji aliyekuwa akitafuta nafuu ya macho huishia kuyachosha zaidi.