Nani Atatangulia? Siri ya Mwendo katika Mbio za Farasi

Kentucky Derby ya Mei 2022 ilipoanza, wacheza kamari walimpa farasi Rich Strike nafasi ya 80 kwa 1. Alikuwa ameingizwa mbioni jana yake tu, baada ya farasi mwingine kuondolewa, tena akapangiwa geti la nje kabisa. Akashinda. Wengi waliona bahati, lakini saa ya uwanja wa Churchill Downs inaonyesha sababu.

Robo maili ya kwanza ilikatwa kwa sekunde 21.78, kasi ambayo Derby haikuwahi kuishuhudia mwanzoni mwa mbio. Nusu maili ilichukua sekunde 45.36. Safari nzima ni maili moja na robo, takriban mita 2,000, na misuli inayotumia nguvu zote mapema huchoka kabla ya mstari wa mwisho. Summer Is Tomorrow, aliyeongoza msafara, alimaliza wa 20 kati ya farasi 20.

Mpandaji wa Rich Strike, Sonny Leon, hakuwafukuza waliotangulia. Alimtuliza farasi wake nyuma sana, akambana karibu na uzio wa ndani ambako njia ni fupi, kisha katika mita za mwisho akapenya katikati ya farasi waliokwisha kuishiwa.

Linganisha na Derby ya mwaka 2002. Mpandaji Victor Espinoza alitangulia na farasi War Emblem, hakuna aliyemsumbua, nusu maili ikapita kwa sekunde 47.04. Tofauti na ile ya 2022 ni sekunde 1.68. Kwa hesabu ya jadi, sekunde moja ni sawa na urefu wa farasi watano. Kwa hiyo War Emblem alijiwekea akiba ya zaidi ya urefu wa farasi wanane. Hakushikwa tena.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza farasi yupi ana mbio zaidi, mchambuzi makini huhesabu wangapi wamezoea kutangulia. Akiwa mmoja, huenda akapata mteremko. Wakiwa wanne au watano, watamalizana wenyewe, na anayesubiri nyuma apewe uzito.

Matokeo nayo yasomwe hivyohivyo. Epicenter, wa pili katika Derby ya 2022, alikuwa karibu zaidi na moto ule wa mwanzo kuliko mshindi, na bado alishindwa kwa chini ya urefu wa farasi mmoja. Agosti mwaka huohuo walikutana tena katika uwanja wa Saratoga, kwenye mbio za Travers, umbali uleule: Epicenter akawa wa kwanza, Rich Strike wa nne.