CCM kwa Kirumi Ni Ngapi? Swali Lisilo na Jibu

Muhula haupiti bila swali hilo. Mwalimu wa hisabati pale Chato, mkoani Geita, akishaandika ubaoni herufi saba, I, V, X, L, C, D na M, pamoja na thamani zake, 1, 5, 10, 50, 100, 500 na 1000, mkono mmoja hunyooshwa kutoka madawati ya nyuma. "Mwalimu, kwa hiyo CCM ni ngapi?" Darasa linaangua kicheko. Kabla mwalimu hajafungua mdomo, mjuaji wa darasa keshapiga hesabu: mia mbili zimetangulia elfu moja, toa, jibu mia nane. Anayefuata anauliza CDM, kifupi cha CHADEMA. Na si watoto tu. Swali hilo hilo huzuka vijiweni, mwaloni, kwenye vikundi vya WhatsApp vya wazazi, na kila anayeliuliza huamini ndiye wa kwanza kuligundua.

Jibu fupi: si mia nane. Si namba yoyote. CCM ni chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977, mwaka ambao kwa Kirumi huandikwa MCMLXXVII, na uhusiano wake na Warumi unaishia hapo. Mia nane ni DCCC. Wa CDM nao wasichekelee, maana yao ni mbaya zaidi, kama itakavyoonekana.

Kinacholeta balaa ni kile kiitikio ambacho karibu kila Mtanzania aliyepita shule ya msingi anaweza kukitoa akiwa usingizini: ndogo ikifuata, jumlisha, ndogo ikitangulia, toa. Kiitikio hicho si uongo, ila ni nusu ya kanuni. Nusu ya kwanza, ya kujumlisha, haina neno. Nusu ya pili imekatwa mkia, na mkia uliokatwa ndio wenye masharti yote. Anayebaki na kiitikio kitupu huamini kwamba herufi yoyote inaweza kutolewa kutoka herufi yoyote iliyo kubwa kuliko yenyewe, mara nyingi apendavyo. Hapo ndipo inapopatikana CCM ya mia nane, IC ya tisini na tisa, VL ya arobaini na tano na MIM ya 1999.

Imani hiyo inastahili kujaribiwa kwa mfano wake wenyewe. Kama kutoa hakuna masharti, basi VX ni kumi kutoa tano, yaani tano. Lakini tano tayari ina herufi yake, V. LC ingekuwa hamsini, ambayo ni L. DM ingekuwa mia tano, ambayo ni D. Mtu anaandika herufi mbili, anapiga hesabu, anarudi kwenye herufi ile ile aliyoanza nayo. Ndiyo maana V, L na D hazitolewi popote, na anayeandika VL kwa arobaini na tano ameshakosea kabla mwalimu hajafika kwenye jibu. Ni XLV.

Sasa CDM. Mwanafunzi mmoja anasema: CD ni 400, nazo zimetangulia M, toa kwenye 1000, jibu 600. Mwenzake anasema: C ni ndogo kuliko M, D nayo ni ndogo kuliko M, zote zimetangulia, toa zote, 1000 kutoa 500 kutoa 100, jibu 400. Wote wawili wamefuata kiitikio kile kile, neno kwa neno, na wamepishana kwa mia mbili. Mwandiko wa namba unaoruhusu majibu mawili hauna kazi. Hakuna atakayekubali risiti ya namna hiyo. Halafu kinachochekesha ni kwamba namba zote mbili zina mwandiko wake halali na mfupi zaidi: 600 ni DC, herufi ambazo kila mtu Chato anazitumia akimtaja Mkuu wa Wilaya, na 400 ni CD.

Vifupisho vinavyokubalika kama namba, kwa wanaopenda mchezo huo, vipo. MC wa harusi ni 1100. CV ya mwombaji kazi ni 105. MV iliyoandikwa ubavuni mwa vivuko vya Ziwa Victoria ni 1005. DVD haimo, kwa sababu V haitolewi kutoka D, na safu hii inaomba kutoulizwa tena kuhusu DVD.

Mkia uliokatwa unasema hivi. Zinazotolewa ni I, X na C tu. Kila moja hutolewa mara moja, kamwe si mbili, na hutolewa kutoka herufi mbili zinazoifuata kwa ukubwa, si zaidi: I kutoka V na X, X kutoka L na C, C kutoka D na M. Jozi zote za kutoa katika mfumo mzima ni sita: IV, IX, XL, XC, CD, CM. Hakuna ya saba. CCM inaanguka kwa sababu C imetolewa mara mbili. IC inaanguka kwa sababu I imerukia mbali, kutoka moja hadi mia.

Hapo hujitokeza hoja ya ufupi. IC ni herufi mbili, XCIX ni nne, kwa nini mtu ajitese? Kwa sababu ufupi haukuwa lengo. Namba ya Kirumi inayofundishwa leo hujengwa fungu kwa fungu: maelfu kwanza, kisha mamia, kisha makumi, kisha mamoja. Tisini na tisa ni tisini na tisa: XC, halafu IX. Kila fungu linaandikwa peke yake bila kujua jirani yake ni nani. IC inayachanganya makumi na mamoja katika pigo moja, na msomaji analazimika kuipigia hesabu badala ya kuisoma. Papa aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025 anaandikwa Leo XIV, X kisha IV. Yohane XXIII, aliyempa ukardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba mwaka 1960, ni XX kisha III. Jicho likizoea mafungu hayo halihitaji kalamu.

Wabishi waliosoma husogea hatua moja mbele: Warumi wenyewe hawakufuata masharti hayo. Ni kweli, na ni vizuri kukubali. Kwenye malango ya Colosseum pale Roma, lango la 54 limechongwa LIIII, si LIV, na la 44 ni XLIIII, ambapo arobaini imeandikwa kwa kutoa na nne kwa kujumlisha, kwenye namba moja. Jiwe la kumbukumbu ya Marcus Caelius, ofisa wa jeshi la Kirumi aliyeuawa Ujerumani mwaka 9 baada ya Kristo, linataja jeshi lake la kumi na nane kama XIIX, yaani I mbili zimetolewa kutoka X, ile ile dhambi ya CCM. Hata karne iliyopita, lango la Admiralty Arch jijini London liliandikwa mwaka 1910 kama MDCCCCX, wakati mwanafunzi yeyote angeandika MCMX.

Haya yote hayamsaidii mbishi hata kidogo. Mchonga mawe wa Roma alikuwa na nafasi yake ukutani na mazoea ya karakana yake, na hakuna aliyemsahihisha. Mtoto wa leo anasahihishwa. Masharti ya jozi sita yalikuja kutulia baadaye sana, na sasa ndiyo yanayofuatwa vitabuni, mitihanini na kwenye sura za vitabu vya sheria. Ukitaka kuandika XIIX, chonga jiwe lako.

Halafu kuna mbishi wa zama hizi, anayekuja na simu. Ameandika fomula ya ROMAN kwenye Excel, ameingiza 499, na Excel imemjibu ID. "Kompyuta imesema!" Kompyuta imesema alichoiomba. Fomula hiyo ina sehemu ya pili inayopokea tarakimu kutoka 0 hadi 4, na kila tarakimu inayoongezeka inalegeza masharti zaidi. Kwa 0, au sehemu hiyo ikiachwa wazi, 499 ni CDXCIX, yaani 400, 90 na 9, kama inavyopaswa. Kwa 1 inakuwa LDVLIV, kitu ambacho hakuna Mrumi wala Msukuma anayeweza kukisoma. Kwa 4 ndipo inapotoka ID. Waliotengeneza programu wameweka mlango wa mzaha, na kuna watu wanaoingilia mlango huo kila siku wakidhani ndio mkubwa.

Saa nazo zimeleta ugomvi wake. Kwenye saa nyingi za Kirumi, za mkononi na za ukutani, nne imeandikwa IIII, na mteja anamrudishia muuzaji akidai ni feki. Si feki. IIII kwenye saa ni mazoea ya zamani ya mafundi saa wa Ulaya, na sababu zinazosimuliwa, za mfalme huyu au yule wa Ufaransa aliyekataa IV, ni hadithi tu. Saa ya Big Ben, kinyume na nyingi, ina IV. Kwenye daftari andika IV. Kwenye saa acha fundi afanye yake. Msomaji wa Kiswahili ana shughuli nyingine hata hivyo, maana mshale ukigusa VII yeye anasema saa moja, na hajawahi kulalamika.

Lakini mwandiko wa Kirumi unaogusa maisha ya watu wengi zaidi nchini hauko kwenye saa. Uko kwenye matokeo ya kidato cha nne. Jedwali la Baraza la Mitihani lina safu I, II, III, IV na 0. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni I, na ndiyo maana "wani ya saba" ni sifa inayotangazwa mtaa mzima. 18 hadi 21 ni II, 22 hadi 25 ni III, 26 hadi 33 ni IV. Anayebaki na 34 au 35 anapata 0, tarakimu iliyovamia jedwali la wageni, kwa sababu Warumi hawakuwa na alama ya sifuri. Namba zao zilikuwa za kuandikia hesabu iliyokwisha kupigwa kwa vidole au kwa ubao wa kokoto, na mahali pasipo kitu hawakuandika kitu. Sifuri ilifika Ulaya pamoja na tarakimu za Wahindi zilizopitia kwa Waarabu, na kitabu cha Mwitalia Fibonacci cha mwaka 1202 kilisaidia kuzieneza. Matokeo ya mtihani wa 2012, yalipotangazwa mara ya kwanza Februari 2013 kabla ya kupangwa upya, yaliweka karibu watahiniwa sita katika kila kumi kwenye safu hiyo isiyo ya Kirumi.

Wanaouliza namba za Kirumi zina faida gani Geita, kwenye dhahabu na sangara, wajue kwamba sonara anaposema karati 24 anatumia kipimo kilichotoka huko huko kwa Warumi. Sarafu ya dhahabu ya mfalme Constantine, solidus, yenye uzito wa gramu nne na nusu hivi, iligawanywa katika sehemu 24, na dhahabu safi mpaka leo huhesabiwa kwa 24. Hata hivyo hakuna anayemtaka mchimbaji aandike mzigo wake kwa Kirumi.

Sasa njia yenyewe, haraka haraka. Usinunue chati ya ukutani ya moja hadi mia kwa ajili ya kukariri. Mtoto akiulizwa 101 anakwama. Afundishwe herufi saba na jozi sita, basi. Namba itenganishwe kwa mafungu: 1994 ni 1000, 900, 90, 4, na hapo ni M, CM, XC, IV, ziandikwe kwa mfululizo MCMXCIV. Mwaka 2012, Mkoa wa Geita ulipoanzishwa na Chato ikahamia kutoka Kagera, ni MMXII. Fungu lisilo na kitu lirukwe. I, X, C na M zisirudiwe zaidi ya mara tatu mfululizo. V, L na D zisirudiwe kabisa. Ukimaliza, soma kutoka kushoto na ukague: herufi ndogo ikitangulia kubwa na jozi hiyo haimo kwenye zile sita, au ndogo hiyo imetolewa mara mbili, futa. Kwa majina ya watu, vidato na vyombo, kama MV Chato II Hapa Kazi Tu, tumia herufi kubwa. Vipengele vya mtihani hubaki na ndogo, (i), (ii), (iii). Anayetumia Excel aandike =ROMAN, afungue mabano, aweke namba, na afunge mabano bila kuongeza kitu.

Fomula hiyo hugoma ikivuka 3999, na si ubovu, kwa sababu M nne mfululizo haziruhusiwi na herufi ya 5000 haimo kati ya zile saba. Zaidi ya hapo huchorwa mstari juu ya herufi, nao unaizidisha mara elfu: V yenye mstari ni 5000, X yenye mstari ni 10,000. Shilingi milioni moja basi ni M moja yenye mstari kichwani, na ambaye simu yake haiwezi kuchapa mstari huo aandike 1,000,000 kama watu wengine.